Fundo Lenye Mkia Chini

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mama ametoa tena gambuti za kaka yangu Masereka, viatu vyake vya mpira, juani. Kila Jumapili kabla ya kanisa anazisimamisha ukutani, pamoja, kama watu wawili wanaongoja gari. Jioni anazirudisha ndani. Hakuna anayezivaa. Mimi nikizigusa napigwa kofi.

Daftari hili ni la Senior Two, la hisabati. Kurasa arobaini hazikuguswa na hisabati, na mimi pia hisabati haikunigusa. Naandika Kiswahili changu cha lori na cha kambi ya jeshi kwa sababu hapa kwetu Bwera hakuna atakayekisoma. Mama hasomi chochote. Niko huru.

Habari kubwa: nimepata mwanamke. Yuko Thailand.

Si mzaha. Jina lake Sylvie, ameniomba urafiki kwenye simu juzi. Kofia pana, ngozi kama muhogo uliomenywa, nyuma yake maporomoko ya maji. Kazi yake kutembea. Anazunguka hifadhi za taifa za Thailand, akimaliza hii anaingia ile, hana bosi. Katika watu wote wa dunia ameniona mimi. Sishangai. Ile picha yangu ndani ya Fuso, mkono mmoja kwenye usukani, miwani ya Muniru usoni – hata mimi nikiiona najipenda.

Ameuliza: lori ni lako? Nimejibu: langu. (Ni la Muniru. Mimi ni taniboi wake. Napakia, napakua, nalala juu ya turubai.)

Thailand ndiko alikoenda kaka yangu, mwezi wa tatu. Miaka minane Masereka alibeba mizigo ya watalii mlimani, akipandia njia ya Ibanda. Halafu mtu mmoja wa Kasese, Ssali, shati jeupe, viatu vinalia, akamwambia huko hifadhini wanatafuta waongozaji wenye mapafu ya mlima. Tembo wako, mlima uko, watalii kama siafu. Tukapata ujumbe mmoja: Nimefika, kesho tunapelekwa hifadhini. Halafu basi. Miezi mitano. Namba haiiti.

Naliandika hilo kwa kifupi. Likirefuka nitachana ukurasa.


Jumatano, 6 Agosti

Sylvie yuko Khao Yai. Hilo ni jina la hifadhi, mimi nikilisoma naona kama mtu anakohoa. Ametuma picha: msitu mzito, maji yanaanguka. Anaandika Kiingereza chepesi cha kunifaa. Anasema mvua imenyesha, maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, kama yale yaliyochukua nyumba pale chini ya mgodi.

Nimekaa na maneno hayo njia nzima mpaka Kasese. Nyumba yetu ilikuwa Kilembe, chini ya mgodi. Mto Nyamwamba uliichukua 2020, mimi niko juu ya paa la jirani natazama godoro letu linaondoka. Yeye amejuaje? Nikaelewa: mwanamke akikupenda anachimba historia yako.

Nikamwonyesha Ayaa. Huyu ni binti wa afande Omara, askari wa hapa, anauza airtime na kuchaji simu za watu nje ya kambi. Mwacholi, mrefu, mdomo kama panga.

Akasema, "Huyu ndiye anakupenda? Wewe ambaye hata mbwa wa kambi wamekukataa?"

"Wivu huo, afande mdogo."

"Chaji yako imejaa. Ondoka kwenye kivuli changu."

Jioni nikamwandikia Sylvie juu ya Masereka. Nikasema: huko hifadhini ukimwona Mwafrika mrefu, jino la mbele limevunjika, anatembea ameinamisha kichwa kwa sababu ya mkanda wa mzigo uliokaa kwenye paji la uso miaka minane, huyo ni kaka yangu. Mwambie mama – hapo nikafuta. Nikaandika tu: mwambie apige simu.

Amesoma. Hajajibu.


Jumamosi, 9 Agosti

Siku tatu kimya. Leo asubuhi amejibu mstari mmoja. Nimemwona. Yuko hai. Amekonda. Jino la pili limevunjika pia.

Nilimkuta mama anamenya muhogo. Nikamwambia Masereka ameonekana. Kisu kikasimama.

"Anakula?"

"Anakula, mama."

"Nani amesema?"

"Rafiki yangu. Mama mmoja mtalii, anazunguka hifadhi za huko."

"Mungu amlinde huyo mama," akasema. Mchana akapika samaki wa moshi. Tangu Pasaka hajapika samaki. Alikuwa anaimba kwa pua kama zamani, na mimi nikala nikajiona mwanaume wa nyumba. Habari ile haikuletwa na mchungaji wala na serikali. Niliileta mimi, taniboi.

La jino sikumwambia.


Alhamisi, 14 Agosti

Nimecheka leo. Sylvie anasema katika hoteli ya hifadhi wanalala kumi na wawili chumba kimoja. Mlango unafungwa kwa nje. Ukutani juu kuna waya wa miiba. Eti kwa sababu ya tembo. Matajiri wanatafuta shida kwa pesa yao wenyewe. Ametuma na picha ya dirisha lake: nondo, nusu ya pazia chafu, kamba ya pazia imefungwa fundo, inaning'inia. Picha mbaya kuliko zote. Maporomoko yalikuwa mazuri zaidi.

Nikamsimulia Muniru tukiwa tunashuka Kasese. Akapunguza mwendo.

"Hoteli gani inafungia mugeni kwa inje?"

"Tembo, bosi."

"Hapa kwetu tembo wanavuka barabara kila siku. Umeona mwenye loji anafungia wazungu?"

"Huijui Asia, bosi."

"Mutoto huyu, mudomo iko mbele na Fuso, kichwa iko nyuma, inatembea na miguu."

Lori ni lake, acha aseme. Lakini nikamwandikia Sylvie kwamba sasa niko na lori tatu, nabeba saruji ya Hima kila siku, madereva wananiita mkurugenzi. Akajibu papo hapo: Usiseme hivyo. Sema huna kitu.

Kabla sijakunja uso ujumbe ukafutika. Pale pale ukaja mwingine: Lori tatu, mpenzi! Niambie zaidi juu ya biashara yako.

Wanawake. Wanapima moyo kama wapima dhahabu. Nimeongeza la nne.


Jumapili, 17 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Baada ya kanisa mama alisema: nionyeshe huko mtoto aliko. Tukakaa mlangoni karibu na gambuti. Nikampitishia picha za Sylvie. Maporomoko. Ziwa la Khao Sok lenye majabali yamesimama majini. Tembo wadogo kuliko wetu. Mama alikuwa anatazama kama anayekagua mbuzi wa kununua. Nikalivuta lile dirisha lipite haraka. Akashika mkono wangu.

"Nani alifunga hii?"

"Ni kamba ya pazia, mama."

"Nimeuliza nani alifunga."

Akachukua simu, akaisogeza mpaka puani. Halafu akateremka kwenye kigoda, akakaa chini mavumbini, na nguo yake ya kanisa.

Niandike ili nisijidanganye tena. Mlimani ukungu ukishuka humwoni mtu aliye hatua tano mbele yako. Na wabebaji wetu hawaitani kwa sauti huko juu. Wazee walikataza kelele, mlima una mwenyewe. Aliye mbele anafunga nyasi kando ya njia. Mkia wa fundo ukielekea juu: pita. Mkia ukielekea chini: hapa ni pabaya, usikanyage, rudi uite watu. Wabebaji wote wanazungusha mara mbili. Marehemu baba alizungusha mara tatu, akamfundisha Masereka mara tatu. Mimi pia alinifundisha. Sikusikiliza, nilikuwa natupa mawe.

Kamba ya pazia: mizunguko mitatu. Mkia chini.

Picha hiyo ilikaa kwangu siku tatu. Ninasoma Kiingereza. Ninasoma kibao chochote kutoka Mpondwe mpaka Kasese. Mama asiyejua herufi moja amesoma kwa dakika moja.


Jumatatu, 18 Agosti

Nimerudia ujumbe wote tangu mwanzo. Maji yaliyochukua nyumba chini ya mgodi: huyo hakunichimba, huyo alikuwa pamoja nami juu ya lile paa, alinishika shati. Jino la pili. Kumi na wawili chumba kimoja. Sema huna kitu.

Nilikuwa namtongoza kaka yangu. Nilimwambia ana macho mazuri.

Ayaa hakunicheka. Alisoma mpaka mwisho, akafunga meza yake mchana kweupe, akanipeleka kwa baba yake. Afande Omara alikuwa anakata kucha nje ya nyumba yao kambini.

"Keti. Sema moja. Ukimaliza sema mbili. Usiruke."

Nikasema. Alipofika mwisho wa kucha akasema amesikia habari za nyumba za namna hiyo, kutoka kwa wenzake walio Kampala. Mtu anaitwa kwa kazi nzuri. Akifika, pasipoti inachukuliwa, anavushwa mto kwenda nchi nyingine bila kujua. Anapewa simu kumi na picha za mwanamke. Anaambiwa: andika, penda, mpaka mtu wa upande wa pili atoe pesa zake. Picha za hifadhi ni za kuokota kwenye mtandao.

"Kwa hiyo hajawahi kufika hifadhini?"

"Kijana, huyo hajafika hata uani."

"Kwa nini hasemi wazi, afande?"

"Kwa sababu kuna mtu amesimama nyuma yake. Anasoma pamoja naye. Kukuandikia wewe kama mteja ndiyo njia pekee aliyopata ya kuandika nyumbani."

Ayaa akauliza juu ya lori. Nne, nikasema. Wakatazamana, baba na binti. Sikuielewa maana yake.


Jumatano, 20 Agosti

Kasese. Ofisi ya Ssali sasa ni saluni. Dada mmoja yuko na mashine ya kukaushia nywele pale pale lilipokuwa bango la tembo na mlima. Ssali yuko wapi? Hamjui. Wewe ni wa tano kuuliza, akasema, na akanipa kiti bila kuombwa. Nadhani wale wanne pia walikaa.

Nikaenda kwenye ofisi ya serikali aliyonielekeza afande. Walinipokea vizuri, hilo nisiseme uongo. Mzee mwenye kalamu mbili mfukoni akaandika yote. Nchi? Thailand – au ng'ambo ya Thailand, sijui. Namba ya pasipoti? Sina. Mahali? Dirisha lenye nondo. Ushahidi kwamba ni yeye?

Nikamwonyesha fundo.

Alilitazama muda mrefu. Si kwa dharau. Akasema, "Kijana wangu, hili nitaliandikaje hapa?" Akalichora. Naapa, alichora fundo kwenye fomu ya serikali, pembeni, dogo. Akasema wataipeleka Kampala, na Kampala wataipeleka mbele.

Njiani kurudi Muniru hakunitania hata mara moja. Ndipo nikaogopa sawasawa.


Jumamosi, 23 Agosti

Ameandika. Mpenzi, jana sikutembelea hifadhi. Miguu. Kila asubuhi wanaohudumia hoteli wananiuliza lori nne zinakuja lini.

Nikamsomea Ayaa. Akasema polepole, kama anavyomwambia mteja kwamba simu yake imekufa: "Wanampiga nyayo, Thembo. Wameona yuko na mteja wa lori nne, lakini haleti kitu. Wanafikiri anakuficha."

Sasa naelewa walivyotazamana.

Alinionya. Aliandika na kufuta kwa mkono wake, mtu yuko nyuma yake, ili kunionya. Mimi nikaongeza la nne.

Nimetapika nyuma ya meza yake. Ayaa alinimwagia maji mikononi na hakusema neno lolote la kejeli. Afadhali angesema.


Jumapili, 24 Agosti

Gambuti ziko juani. Tumekaa watatu, mama, mimi, Ayaa, tunashauriana kama wazee wa ukoo, mmoja wetu akiwa mjinga.

Nikisema sina lori hata moja, watamwona mteja ni bure. Watanikata, na uzi huu mmoja tulio nao utakatika. Nikisema lori ninazo, wataendelea na nyayo zake mpaka nitoe. Na hata tukiuza sahani za mama na kuku na kitanda, afande amesema ukiwapa mara moja wanajua kwamba unatoa. Hawamwachi.

Ayaa akasema, "Basi uwe tajiri anayekawia. Tajiri hana haraka. Mwambie una safari, una mkutano, una harusi. Umwulize maswali mengi, apate cha kuandika. Akiandika hapigwi."

"Niongope?"

"Si ndiyo kazi unayoijua?"

Huo ulikuwa mzaha wake wa kwanza kwa siku mbili. Niliupokea kama chakula.

Mama hakufuata yote. Aliuliza jambo moja: anapoandika, je, anakaa? Nikasema ndiyo mama, anakaa kwenye kiti. "Basi mfanye aandike," akasema. "Miguu ipumzike."


Jumatano, 27 Agosti

Nimekuwa mkurugenzi kamili. Niko Kampala kwa mkutano wa saruji (niko Bwera, napakua vitunguu). Nikirudi tutazungumza biashara, mpenzi. Kwanza nisimulie ile hifadhi ya Khao Sok. Kila kitu, kuanzia getini. Usiruke.

Akaandika muda mrefu. Niliona zile nukta zinacheza, zinasimama, zinacheza.

Anasema: Siku ya kwanza unavuka mto kwenye daraja la mbao, unapanda katikati ya miti mikubwa, unalala kwenye kibanda juu ya tuta, unasikia mito miwili, mmoja kila upande. Siku ya pili mianzi. Unateleza sana, unashika mwanzi, mwanzi unakukata. Baada ya mianzi, miti yenye ndevu, kila tawi lina ndevu za kijivu zinadondosha maji. Halafu matope. Unaruka kutoka kichuguu cha nyasi hadi kichuguu, ukikosea unazama mpaka kiunoni. Halafu ile mimea mirefu iliyosimama kwenye ukungu kama watu waliojifunika blanketi. Unafikiri wanakungoja. Huko juu huitani na mtu kwa sauti. Halafu ziwa jeusi, na barafu juu yake.

Nilimsomea mama kwa Lukonzo, lugha yetu, sentensi baada ya sentensi. Alifumba macho. Kwenye kibanda cha kwanza akasema: Nyabitaba. Kwenye mianzi akaitikia kwa kichwa. Kwenye matope akainua upindo wa nguo, hajui kama ameinua. Kwenye ziwa akasema: Bujuku, hapo baba yenu alipata baridi ile iliyomuua.

Nchi gani ya joto ina barafu? Huyo aliyesimama nyuma yake hajui. Kwake yeye hifadhi ni hifadhi.

Kaka amekaa huko kwenye kiti amepanda mlima wetu siku nzima, na sisi tumepanda nyuma yake. Nafikiri ndiyo siku nzuri kuliko zote za mwaka huu. Nimeandika hivyo kisha nimeona aibu.

Na hili pia, kwa sababu hakuna anayesoma. Watu wote wa Bwera wanajua nilipanda mlima nikaacha kwa sababu ya kazi nyingine. Si kweli. Nilifika Nyabitaba siku ya kwanza na mzigo wangu, nikakaa chini nikalia nataka mama. Kesho yake Masereka alifunga mzigo wangu juu ya wake, akabeba yote miwili siku ile nzima, mkanda unamchora paji. Mtalii alimpiga picha. Hajawahi kumwambia mtu. Hata tukigombana.


Jumapili, 31 Agosti

Nimeuliza habari za hifadhi ya Doi Inthanon. Amesimulia kidogo tu, njia ya Kilembe, mistari mitano, na daraja ambalo halipo tena. Mwishoni: Mpenzi, wamechoka kungoja. Wanasema mkutano wako ni mrefu.

Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo hakika.

Afande alipiga simu Kampala. Fomu imefika, wanaishughulikia. Wako na fomu nyingi za namna hiyo.

Nimekonda. Muniru ananinunulia chapati mbili badala ya moja na anajifanya amekosea kuhesabu.


Alhamisi, 4 Septemba

Asubuhi, tunapakia: Tunahamia hifadhi nyingine. Sijui jina. Sijui kama kuna mtandao. Viatu vikae juani.

Sentensi ya mwisho sijui aliipitishaje. Labda waliona ni ushairi wa mapenzi.

Nikaandika haraka, vidole vina vumbi la unga wa muhogo: Subiri. Nitakuja na lori. Nitatoa. Nambie kiasi. Nilikuwa tayari kusema lolote.

Hakusoma.

Mama nimemwambia ya viatu tu.


Ijumaa, 5 Septemba

Hakuna.


Jumamosi, 6 Septemba

Hakuna. Ayaa alikuja mpaka nyumbani, amebeba sukari. Amekaa na mama anachambua maharage. Hana mzaha na mimi wala mimi sina naye. Watu wanafikiri tumegombana.


Jumapili, 7 Septemba

Sylvie amerudi.

Tumetoka kanisani, simu ikalia mfukoni. Habari mpenzi! Nimekukumbuka sana! Picha: yeye na kofia ileile, maporomoko yaleyale ya Khao Yai, ya siku ya kwanza. Na mioyo mitatu myekundu. Hakuwahi kutuma moyo. Hata nilipokuwa namwomba.

Mama alisimama papo hapo barabarani. "Ni yeye?"

Nikasema ndiyo. Nikasema tungoje tufike.

Nilijua la kufanya bila kumwuliza Ayaa. Nikaenda nyuma ya choo kwenye nyasi ndefu, nikafunga. Mizunguko mitatu. Vidole vilikumbuka, kumbe vilisikiliza siku zile mimi nikitupa mawe. Nikaelekeza mkia juu. Mkia juu ni pita. Ni kusema: niko hapa, nimeona, njoo. Nilifunga, nikafungua, nikarudia mpaka mara ya nne, na fundo la nne lilikuwa zuri, baba mwenyewe asingelifungua akafunga upya. Nikapiga picha. Nikatuma bila neno.

Nikarudi mlangoni. Mama amesimama pale pale, mkono kwenye fremu. Gambuti ziko ukutani. Wingu limetoka upande wa mlima, jeusi, na matone ya kwanza yanapiga mabati, yanaingia ndani ya gambuti, nayasikia moja moja. Kwa kawaida tone moja tu na mama yuko mbio kuziingiza. Leo hazitazami.

Nukta zikacheza. Zikasimama. Jibu limekuja.

Majani mazuri, mpenzi! Ni bustani yako? Sasa tuzungumze zile lori.

Aliyeandika haya hajui fundo.

Nimekaa kwenye kigoda, nimechukua daftari ili nipate mahali pa kuweka macho. Mvua imekaza. Mama anauliza mara ya tatu sasa, kwa sauti ya chini, kama watu walio huko juu.

"Thembo. Amesema nini?"

Ninaandika polepole. Nikifika mwisho wa mstari huu itabidi